Tulilipa mtu atupangie safari ya Sisilia, akaanza kwa kutufutia nusu ya ratiba

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibana na sababu nitazisema huko chini. Huduma yenyewe ni ya mama mmoja mkaazi wa Palermo, mji mkuu wa Sisilia, kile kisiwa cha Italia, hana ofisi, ana WhatsApp na kichwa kinachofanya kazi, anawapangia safari watu wanaokuja Sisilia wenyewe bila kundi, alafu ukitaka anatembea na nyie siku mbili tatu kama mwongozaji. Jina lake siweki hapa kwa sababu sikumuomba ruhusa. Ninachotaka kusema ni kuhusu huduma ya aina hii, maana naona watu wengi wanaiendea Sisilia kwa namna ileile tuliyotaka kuiendea sisi mwanzoni, na ile namna inakunyima kisiwa chenyewe.

Tulikuwa watatu. Mimi, mume wangu, na mama mkwe wangu mwenye miaka 68 na goti moja ambalo limeshachoka kabisa. Safari ilikuwa ni ya kwake, alikuwa anasema tangu zamani anataka aione nchi ya Wazungu yenye athari za Waarabu, tukafikiria Malta kwanza, na Malta ni nzuri kwa mtu mwenye siku tano kwa sababu ni ndogo, kilomita za mraba 316 tu, unalala hoteli moja unazunguka kote, na lugha yao ni mtoto wa Kiarabu aliyelelewa na Waitaliano. Ila sisi tulikuwa na siku kumi, na mume wangu aking'ang'ania kitu ndo basi tena, akasema Sisilia.

Basi tukaingia mtandaoni tukakuta kampuni moja kubwa ya safari ina kifurushi cha siku saba. Palermo, Cefalù, Agrigento, Siracusa, Taormina na mlima Etna, hoteli mpya karibu kila usiku. Kwenye picha inapendeza sana. Tukalipa advansi. Alafu nikaanza kuuliza maswali ya kawaida kabisa, hoteli zina lifti, basi linasimama mbali kiasi gani na mahali penyewe, mama anaweza kubaki hotelini siku moja akapumzika, nikawa najibiwa na maandishi yaleyale ya tangazo, yameng'olewa huko yakabandikwa kwangu mara tatu. Hapo ndo nikafungua ramani nikapima. Sisilia ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote kwenye bahari ya Mediteranea, kilomita za mraba zaidi ya 25,000, katikati ni milima, kwa hiyo siku saba za kile kifurushi ungezimalizia kwenye kiti cha basi unaangalia mashamba ya ngano kupitia kioo. Tukajitoa. Advansi haikurudi na mpaka leo inaniuma.

Huyu mama wa Palermo tulielekezwa na jamaa wa kazini kwa mume wangu. Tukapigiana simu ya video kama saa nzima hivi, na kilichonifanya nimuamini ni kwamba swali lake la kwanza hakutuuliza sisi, alimuuliza mama mkwe moja kwa moja, mama unaweza kupanda ngazi ngapi bila kusimama kupumzika? Mama akafikiria, akajibu kumi na tano. Akaandika. Alafu akauliza tunakula nini na hatuli nini, tukasema sisi ni Waislamu, nguruwe na pombe hapana. Akaandika. Alafu akauliza Jumatatu ya hiyo wiki mtakuwa wapi, tukashangaa Jumatatu ina nini, akasema tulieni nitawaambia.

Baada ya siku nne akatuma ratiba. Siracusa imefutwa. Taormina imefutwa, Etna imefutwa, mume wangu aliumia sana kwenye Etna maana ni volkano hai yenye urefu wa zaidi ya mita 3,300 na yeye anapenda milima. Zimebaki usiku sita Palermo kwenye nyumba moja, na usiku tatu Trapani, mji wa pwani ya magharibi, na siku moja tu ya Agrigento kwa treni. Chini ameandika, mashariki ya kisiwa ni safari nyingine, hii yenu ni ya magharibi, mlichoniambia mnakitafuta kiko magharibi.

Na kweli. Kwa asiyejua historia nieleze haraka. Palermo ulianzishwa na Wafinisia, wafanyabiashara wa baharini wa kale kutoka Lebanoni ya sasa, Wagiriki walikuwa wamejaa upande wa mashariki na kusini, wakaja Warumi, wakaja watu wa Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki, alafu mwaka 827 jeshi la Waarabu na Waberber kutoka Tunisia ya sasa likashuka Mazara, pwani ya kusini magharibi ya kisiwa, 831 wakachukua Palermo wakaufanya mji mkuu. Wanormani, ambao ni Wakristo waliotokea Ufaransa kaskazini, waliuteka Palermo mwaka 1072, na hapo ndo pananifurahisha mimi, hawakufuta kila kitu walichokikuta. Mfalme Roger wa Pili aliyevikwa taji mwaka 1130 alikuwa na waandishi wa Kiarabu, wa Kigiriki na wa Kilatini kwenye ofisi moja. Ndani ya baraza lake alikaa Al-Idrisi, yule mwanajiografia, akamaliza kitabu chake cha dunia nzima mwaka 1154, na humo humo ameitaja pwani yetu, Malindi na Mombasa zimo. Fikiria mtu amekaa Palermo karne ya 12 anaandika Mombasa. Mume wangu aliposikia hilo akanyamaza kuhusu Etna.

Sasa nirudi kwenye Jumatatu. Lile kasri la Wanormani pale Palermo mpaka leo ni bunge la mkoa wa Sisilia, kwa hiyo Jumanne mpaka Alhamisi vyumba vya kifalme vinafungwa kwa ajili ya wabunge, unaingia kanisani tu. Jumapili asubuhi kuna misa. Ukienda Jumatatu unaona vyote, na ukiwahi mlango unapofunguliwa unakaa dakika ishirini kabla makundi ya melini hayajafika. Hiki ndo kitu unachomlipia mtu. Kile kifurushi cha kwanza kilikuwa kinatupeleka Jumatano.

Kanisa dogo la humo ndani linaitwa Cappella Palatina na mi sijui niliandikeje. Kuta zote ni vijiwe vidogo vya dhahabu na rangi, kazi ya mafundi wa Kigiriki, Yesu mkubwa juu na maandishi ya Kigiriki pembeni. Alafu ukiinua kichwa dari la mbao ni la mafundi Waislamu, lile la vishimo vishimo kama mzinga wa nyuki, limechorwa watu wanapiga ala, wanacheza sataranji, na maandishi ya Kiarabu ya kuomba baraka na ushindi. Chini ni Kilatini. Vyote vimefanywa karne ile ile moja, chini ya Roger na mwanawe, hakuna aliyemfunika mwenzake. Mama mkwe alikaa kwenye benchi akaomba tumuache. Tulimuacha nusu saa nzima na yule mwongozaji hakutukimbiza hata kidogo, akasimama nje anaongea na walinzi.

Ila kilichotutoa machozi ni kanisa kuu la Palermo, na hapo hatukulipa kitu. Kwenye varanda ya kuingilia upande wa kusini kuna nguzo moja kushoto, ya jiwe, imechongwa maandishi ya Kiarabu. Watu wanapita tu. Mwongozaji akamsimamisha mama mbele yake hakusema neno. Mama anasoma Kurani tangu mtoto, lakini ile hati ni ya kizamani ina mbwembwe nyingi, akawa anahangaika nayo, anapata herufi moja anapoteza mbili. Basi mwongozaji akamwambia ni sura ya saba, aya ya 54. Mama akaianza kwa moyo palepale, sauti ya chini, mlangoni mwa kanisa, kidole kinafuata mstari bila kugusa jiwe, na alipofika pale penye usiku kuufunika mchana akakuta herufi zinakubaliana na anachosoma. Akageuka akaniambia, mwanangu, wameiacha. Miaka yote hiyo wameiacha tu.

Sasa niseme kitu kuhusu majina, maana hii yule mwongozaji aliifanya kwa hiari yake na haikuwa kwenye bei. Siku ya kwanza mama alimuuliza ile barabara kuu ya zamani inaitwaje, akaambiwa zamani iliitwa Cassaro, mama akasema aah, kasri. Mwongozaji alishtuka. Akauliza na sisi tunalo hilo neno? Kuanzia hapo kila siku anakuja na jipya. Mtaa wa Kalsa, ule uliokuwa makao ya amiri, unatoka kwenye Al-Khalisa, na khalisa ndo shina la halisi yetu. Jumba la Zisa linatoka kwenye Al-Aziza, sisi tunasema azizi. Zabibu zao za kunukia za kisiwa cha Pantelleria zinaitwa zibibbo, hiyo hata haihitaji maelezo. Mji wa Marsala una marsa ndani yake, yaani bandari. Caltanissetta, Caltagirone, Calatafimi, zote zimebeba qalat, ngome. Mama alikuwa anaangalia vibao vya barabarani kama mtu anayesoma barua ya ndugu.

Kwenye hilo jumba la Zisa msipaache. Liko nje kidogo ya katikati ya mji, mabasi ya watalii mengi hayaendi, lilijengwa na wafalme wa Kinormani kuanzia kama 1165 kwa ajili ya kupumzikia kiangazi, maji yalikuwa yanapita katikati ya ukumbi na upepo unaingia juu yake unapoa. Ndani kuna jiwe moja la kaburi la mwaka 1149. Kasisi mmoja alimzika mama yake, Anna, akaandikisha jiwe kwa namna nne, Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiyahudi. Na kila upande umehesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Mi nimetembea makumbusho kadhaa, sijaona kitu kidogo kiasi kile kinachosema mengi vile. Kimo ni cha kubebeka na mtu mmoja, na ni kama mtoto alitaka kila jirani apite amsomee mama yake. Hayo ya mwisho ni maneno yangu mimi.

Sitaki msomaji adhani ilikuwa peponi moja kwa moja. Wayahudi wa Sisilia walifukuzwa chini ya wafalme wa Hispania, amri ya 1492, na Waislamu walikuwa wameshahamishwa na mfalme Frederick wa Pili karne ya 13 wakapelekwa mji wa Lucera huko Italia bara. Mwongozaji alilisema hilo mapema kabisa, hakulificha, na alitupitisha kwenye vichochoro vya mtaa wa zamani wa Kiyahudi ambako vibao vya mitaa vimeandikwa Kiitaliano, Kiebrania na Kiarabu. Nilimpenda kwa hilo. Waongozaji wengi wanakuuzia hadithi tamu tu.

Na mchanganyiko hauko kwenye mawe peke yake. Soko la Ballarò asubuhi ni Wasisilia wanaopiga kelele kwa kuimba, pembeni Mghana anauza muhogo na ndizi za kupika, Mbangladeshi ana duka la viungo, bendera za Senegali, saluni za kusuka. Ukutani kuna mchoro mkubwa wa San Benedetto, mtakatifu mweusi, mtoto wa watumwa wa Kiafrika, aliyezaliwa hukohuko Sisilia karne ya 16 akafariki Palermo mwaka 1589, na ni mmoja wa watakatifu walinzi wa mji. Mume wangu aliswali Ijumaa kwenye msikiti wa mjini kati ambao zamani ulikuwa kanisa, akatoka huko na marafiki wawili Watunisia na mwaliko wa chai. Alafu kuna Watamili, wengi tu, Wahindu, na Jumapili wanapanda mlima Pellegrino kwenye pango la Santa Rosalia wanamuombea mtakatifu wa Kikatoliki. Kanisa la Martorana, lile lenye mozaiki, yaani picha ya vijiwe vya rangi, ya Roger akivikwa taji na Yesu mwenyewe, linatumiwa na Wakatoliki wenye asili ya Albania wanaosali kwa mtindo wa Kigiriki. Wana mji wao milimani, Piana degli Albanesi, umeanzishwa 1488 na wakimbizi, vibao mpaka leo ni lugha mbili. Tulienda nusu siku. Tulivu, watu wazee wamekaa uwanjani, tukanywa kahawa tukarudi.

Chakula. Hapa mwongozaji alitupa karatasi moja iliyotuokoa kila siku. Panelle, vitafunwa vya unga wa dengu vinavyokaangwa na kutiwa kwenye mkate, kula bila wasiwasi. Arancina, lile donge la wali la kukaanga, uliza, maana ile wanayoiita ya siagi ina nyama ya nguruwe ndani. Mkate wa wengu unakaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, acha. Cannolo, kile kitamutamu cha ganda la kukaanga lililojazwa jibini laini, na hapa niliumia, ganda lake la asili linakandwa na mafuta ya nguruwe na mvinyo wa Marsala, sio kila duka lakini lazima uulize, na yeye alikuwa ameshatuulizia duka moja la watawa, jibu likawa hapana, akatafuta lingine wanaotumia siagi. Kweli alipiga simu moja moja. Granita ya lozi, ile barafu laini ya kula na kijiko, na mkate laini asubuhi mama aliifanya ndo kifungua kinywa cha kudumu.

Lakini ukiniuliza mlo wenyewe wa hiyo safari ni Trapani. Kule wanapika cuscus ya samaki, wanaikunja kwa mkono kwenye bakuli pana la udongo, unga wa ngano ngumu unanyunyiziwa maji kidogo kidogo huku vidole vinazunguka mpaka unakuwa punje, alafu inapikwa kwa mvuke kwenye chungu chenye matundu, chungu kinazibwa na unga pale kinapokutana na sufuria ili mvuke usitoroke, mchuzi unakuja pembeni kwenye bakuli lake, mwekundu, mzito, una samaki wa mifupa aina tano sita, na wewe unamwagia mwenyewe kidogo, unasubiri inywe, unamwagia tena. Mgahawa ulikuwa mdogo, meza saba hivi, mwenye nyumba akamruhusu mama aingie jikoni aone wanavyozungusha, wakazungusha wote wawili bila lugha ya kuelewana. San Vito Lo Capo, hapo jirani, kuna tamasha zima la cuscus kila Septemba, sisi tulienda Oktoba tukalikosa, anayepanga aangalie tarehe.

Mazara del Vallo tulienda siku moja tukitokea Trapani. Mtaa wa zamani wanauita Kasbah, vichochoro vimewekwa vigae vya rangi, Watunisia wanaishi humo na wanafanya kazi kwenye meli za uvuvi pamoja na Wasisilia, adhana unaisikia. Pale ndo Waarabu walishuka 827 na pale ndo wajukuu wa bahari ileile wanavua kamba wekundu sasa. Kuna jumba dogo la makumbusho lenye sanamu ya shaba ya Kigiriki ya mtu anayecheza, wavuvi wa Mazara waliinasa na nyavu mwaka 1998, mguu wake walikuwa wameshaunasa mwaka uliotangulia. Ukienda Mazara ukaishia kwenye picha za vigae umepoteza nauli.

Agrigento sitasema mengi, kila mtu anaijua. Treni kutoka Palermo kama saa mbili, mahekalu ya Kigiriki yako kwenye mstari juu ya kilima, lile la Concordia limesimama karibu zima kwa sababu lilifanywa kanisa karne ya 6. Kitu cha maana ni kwamba alituambia tuingie kwa geti la juu tuteremke, tusipande. Goti la mama likapona hapo.

Sasa malalamiko, maana nayo yapo.

Katikati ya Agosti alipotea wiki mbili. Meseji haisomwi, simu haipokelewi, na sisi tumeshamlipa nusu na tuna miadi ya viza. Kumbe Agosti 15 ni sikukuu kubwa kwao na Italia nzima inaenda baharini. Sawa, mtu ana haki ya kupumzika, ila utuambie kabla. Mi sikulala vizuri siku hizo baada ya ile kampuni ya kwanza kutumeza advansi. Aliporudi aliomba radhi vizuri lakini hizo wiki mbili zilikuwa zangu.

La pili ni Erice. Ni mji wa mawe juu ya mlima, unapandwa kwa gari la kamba kutoka Trapani. Upepo ukivuma gari la kamba linafungwa, na Trapani upepo ni kitu cha kila siku, mtu wa hapo anajua. Siku yetu likafungwa, na kwenye ratiba hapakuwa na mpango wa pili. Tukatafuta basi wenyewe, tukafika saa nane mchana, na njia za kule juu ni mawe yanayoteleza kama sabuni, zina mteremko kila mahali. Mtu aliyeandika ngazi kumi na tano kwenye daftari lake alitakiwa asituweke Erice kabisa. Mama alikaa kwenye mgahawa mmoja karibu na geti mpaka tuliporudi, hakulalamika, lakini mi nililiona na nikamwambia mwongozaji jioni ile ile. Alikubali kosa. Alirudisha sehemu ya pesa ya hiyo siku bila kuombwa.

La tatu dogo, dereva wa Mazara alichelewa dakika hamsini na bei tuliyopewa haikuwa na maegesho ndani yake. Muulizeni kila bei inajumuisha nini, kwa maandishi.

Gharama. Kupanga ratiba yote yuro 220 kwa familia, siku ya kutembea naye 150, tulimchukua siku tatu. Tiketi za kuingilia unalipa mwenyewe. Wapo watakaosema ghali. Ile advansi iliyopotea ilikuwa zaidi ya hapo, na usafiri tuliopunguza kwa kutokodi gari umefidia sana, kwa sababu alitukataza kabisa kuingia na gari Palermo, katikati ya mji ni eneo la vibali, kamera zinakupiga picha na faini inakufuata mpaka nyumbani kupitia kampuni ya kukodi. Mabasi ya mbali yapo mazuri, Palermo mpaka Trapani kama saa mbili. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine kabla hujapanda, ya basi la mjini nunua kwenye duka la sigara.

Mwongozaji yeyote utakayemchukua Italia mwambie akuonyeshe kitambulisho cha leseni, kule kazi hiyo ina leseni. Huyu wetu alituonyesha kwenye simu ya kwanza bila kuulizwa.

Kwa wanaohitaji viza, ni ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ada kwa mtu mzima yuro 90, bima isipungue yuro 30,000 za matibabu, unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, msisubiri wiki za mwisho. Mwongozaji alituchagulia nyumba zinazorudisha pesa ukighairi, na akatuandikia ratiba kwa ukurasa mmoja wa kuambatanisha kwenye maombi. Na msiende Julai wala Agosti tafadhali, hasa na wazee. Karibu na Siracusa ilipimwa nyuzi 48.8 tarehe 11 Agosti 2021, ndo rekodi ya Ulaya. Aprili, Mei, Oktoba ni raha, sisi Oktoba tuliogelea.

Tulipomaliza mume wangu alirudi kwenye Etna yake kama nilivyojua. Tumemuandikia tena huyu mama wa Palermo tunataka upande wa mashariki, Catania, Siracusa na volkano, Aprili, siku nne. Amejibu siku nne hapangi, tutafute sita au tumtafute mtu mwingine. Na ameuliza goti linaendeleaje. Tumeomba sita kazini.